Zamu ya usiku kitengo cha dharura wakati wa kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayeshika zamu ya usiku Mbeya, Iringa, Njombe au Makete hupambana na mambo mawili ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hayaoni sana: baridi inayomzidishia majeruhi damu kutoka, na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Juu ya hayo kuna barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, yenye mlima Kitonga upande wa Iringa na mteremko wa Mbalizi upande wa Mbeya. Basi moja likipinduka, vitanda havitoshi.

Fika dakika 20 kabla ya zamu. Mafaili yasubiri, anza na oksijeni. Mashine ya kuzalisha oksijeni huzima umeme ukikatika, hivyo tegemeo lako ni mtungi. Mtungi mdogo wa lita 680 uliojaa, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 45 hivi. Mshale ukiwa nusu, una dakika 22 tu, na hizo hazimfikishi mgonjwa wa rufaa kutoka Makete hadi Mbeya mjini. Spana ya mtungi ifungwe kamba pale pale. Ikipotea saa nane usiku, mtungi uliojaa haukusaidii kitu. Kisha jaribu sakisheni, mashine ya kunyonya makohozi na damu mdomoni, kwa kunyonya maji, angalia ambu bagi, mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, ina mask za wakubwa na za watoto, na kipima sukari kina vijiti.

Majeruhi wakiingia kwa wingi, mtu mmoja asimame mlangoni kuwapanga: nyekundu asiyeweza kusubiri, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani mwenye majeraha madogo. Yeye hatibu, ila hufungua njia ya hewa na kuagiza damu ikandamizwe. Anayepiga kelele ana pumzi. Mkague kwanza aliyenyamaza. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Itafuata.

Uliza ajali ilitokea saa ngapi, maana saa ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, huanza kuhesabiwa barabarani, wala si getini kwako. Mtu mzima anayevuja damu nyingi hupewa gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Ukiisukuma haraka, presha hushuka. Saa 3 zikishapita, iache, kwa sababu inaweza kuleta madhara.

Halafu baridi. Damu ya mtu ambaye joto lake liko chini ya nyuzi 35 haigandi vizuri, kwa hiyo ataendelea kuvuja hata kama kidonda kimefungwa sawasawa. Kata nguo mbichi kwa mkasi, mkaushe, mfunike blanketi pamoja na kichwa. Kosa la kila siku ni kumfunua, kumkagua, kisha kumwacha hivyo hivyo ukikimbilia mwingine. Kosa la pili ni dripu iliyotolewa stoo: chupa za usiku zihamishiwe mapema kwenye chumba chenye joto, na kama kuna kipasha dripu, zifikishwe nyuzi 38 hadi 40.

Alfajiri huja wagonjwa wa jiko la mkaa: kichwa kinagonga, wanatapika, wana kizunguzungu, mara nyingi watu wawili watatu wa nyumba moja. Wengi huandikiwa malaria au chakula kibaya. (Makete hakuna malaria ya kuangusha familia nzima kwa usiku mmoja.) Hapa kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, hivyo kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu anayezimia. Usikifuate. Toa oksijeni lita 15 kwa mask yenye mfuko, mfuko ukae umejaa, kwa saa 6 hivi na hadi dalili ziishe. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni nyingi, saa moja na zaidi kidogo. Mjamzito akae muda mrefu zaidi, kwa sababu mtoto tumboni huchelewa kuitoa. Na uliza mapema: nani mwingine bado amelala kule ndani?

Miji yetu ni midogo, utaletewa jirani au shemeji. Mkabidhi mwenzako kama yupo. Mkono unaomjua mgonjwa hukosea dozi. Mtu akifariki, tafuta mzee wa familia, baba mkubwa au mjomba, waketi chumbani, useme wazi kwamba amefariki. Korido si mahali pake. Usiondoke mara moja, maswali huja baada ya kilio.

Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri akili huwa chini kabisa. Dozi za watoto zihesabiwe na watu wawili, na kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane. Makabidhiano yafanyikie kitandani: ana nini, amepewa nini na saa ngapi, anasubiri nini. Ukimaliza, usiendeshe gari wala pikipiki, panda daladala. Simu ya kazini ibaki na aliyeingia zamu.