Kuweka Proksi Katika Kivinjari

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, pata kutoka kwa msimamizi wa seva ya proksi (kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano kati yako na tovuti) anwani ya seva hiyo, aina yake na namba ya poti (mlango wa mawasiliano kwenye seva), ambayo mara nyingi huwa 8080 au 3128 kwa proksi ya HTTP (ya mawasiliano ya tovuti) na 1080 kwa SOCKS (inayoweza kupitisha mawasiliano ya aina nyingine pia).

Firefox ina mipangilio yake yenyewe. Fungua menyu, ingia kwenye Mipangilio, kisha katika sehemu ya Jumla shuka hadi chini kabisa, palipo na mipangilio ya mtandao. Chagua kuweka proksi kwa mkono, andika anwani na poti kwenye nafasi ya HTTP, na utie alama kwenye kisanduku kinachoruhusu seva hiyo hiyo itumike kwa HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa kwa siri. Kisanduku hicho ndicho husahaulika zaidi, na kikiachwa bila alama, tovuti za HTTPS, ambazo siku hizi ndizo nyingi, hufunguka moja kwa moja bila kupitia proksi na bila onyo lolote.

Kwa SOCKS, acha nafasi za HTTP na HTTPS zikiwa tupu, jaza ile ya SOCKS peke yake, chagua toleo la 5, kisha hakikisha kuwa maulizo ya DNS (yanayotafuta anwani ya IP ya jina la tovuti) nayo yanapitia proksi; la sivyo, mtoa huduma wako wa intaneti ataendelea kuona majina ya tovuti unazozitembelea. Anwani za mtandao wa ndani, kama vile 192.168.1.0/24 (yaani zote zinazoanza na 192.168.1), ziandikwe kwenye orodha ya zisizopitia proksi, ili printa na vifaa vingine viendelee kufikika.

Chrome hukupeleka kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, hivyo badiliko utakalofanya huko hugusa pia programu nyingine zinazofuata mipangilio hiyo.

Ukimaliza, fungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP; kwa proksi iliyo nje ya mtandao wako, anwani isipobadilika, rudia hatua hizo. Ujumbe kwamba seva inakataa miunganisho kwa kawaida humaanisha poti si sahihi au seva imezimwa, ilhali kosa 407 hudai jina la mtumiaji na nywila. Proksi za bure za wasiojulikana ziepuke, kwa kuwa mwenye seva anaweza kusoma, na hata kubadilisha, kila kipitacho bila HTTPS.