Mota ya kigari cha rimoti ikichemka, anza na gia

Mota ya 17.5 haina kasi kuliko ya 13.5, ingawa wengi hudhani namba kubwa ndiyo yenye kasi. Namba hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota: ikipungua, mota hukimbia zaidi na hula umeme mwingi. Ukihamia 13.5, punguza meno ya pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Ukiacha ileile, itachemka tu.

Endesha dakika 3, simamisha, pima joto la mota papo hapo. Ikiwa chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, ongeza jino 1 la pinioni, upime tena. Ikikaribia 80, punguza jino. Sumaku ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, iliyodhoofishwa na joto haiponi. Taimingi, yaani pembe inayoamua umeme uingie kwenye waya mapema kiasi gani, iguse mwisho, digrii 2 au 3 kwa mara moja, maana nayo huongeza kasi pamoja na joto.

Kila ukibadili pinioni, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya pinioni na gia kubwa inayoizungusha, zisogeze zikutane, kaza skrubu, kisha kitoe. Kikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi iko sawa. Gia zilizobanana huleta joto pia, nawe utailaumu mota bure.