Rada ya mvua kwenye simu: mwongozo kwa anayeishi Marekani

Programu ya rada inakuonyesha mwangwi. Chombo kilichosimama kilomita kadhaa kutoka kwako kimerusha mawimbi ya redio, mawimbi yamegonga matone ya mvua au vipande vya barafu, mengine yamerudi, na simu yako imepaka rangi yale yaliyorudi. Picha hiyo ni ya dakika kadhaa zilizopita, na ni ya kimo fulani juu ya ardhi. Ukilishika hilo tangu siku ya kwanza, mengine yote utayaelewa kwa urahisi. Usipolishika, utaiamini rada mahali isipostahili kuaminiwa, na utaipuuza siku inapokuambia kweli.

Tunawaandikia hasa walio katikati ya Marekani: Texas, Oklahoma, Missouri, Iowa, Minnesota, Indiana, Ohio. Huko dhoruba za radi huleta mvua ya mawe na tornado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini, na huko wengi wetu wanaendesha malori, wanafanya shifti za usiku au wanaishi ghorofa ya tatu ya apatimenti isiyo na chumba cha chini ya ardhi. Ukimwambia ndugu yako wa Mafia au Kilwa kwamba kuna "kimbunga", atafikiria Hidaya ya Mei 2024, kitu kilichofuatiliwa baharini kwa siku kadhaa kabla hakijafika. Tornado haikupi siku. Ile iliyopiga Moore, Oklahoma, tarehe 20 Mei 2013, tahadhari ilitolewa dakika 16 kabla haijagusa ardhi.

Kuchagua na kuandaa programu

Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huunganisha rada zote na kukupa nchi nzima kwa picha moja. MyRadar ni mfano, na unaweza kuitumia bure ukivumilia matangazo. Inatosha kujua kama uanike nguo au la. Aina ya pili hukupa rada moja moja, kama kituo kilivyoipima. RadarScope ni mfano, nayo hulipiwa. Asiyetaka kulipa afungue radar.weather.gov kwenye kivinjari cha simu. Ni ukurasa wa idara ya taifa ya hali ya hewa, NWS, na unaruhusu kuchagua kituo kimoja. Kwa anayeishi kwenye njia ya dhoruba, ushauri wetu ni aina ya pili, kwa sababu ndiyo inayokuambia unatazama chombo gani na cha saa ngapi.

Ukishaipakua, ruhusu mahali ulipo. Kwa ramani tu, chaguo la "While Using" linatosha. Ukitaka arifa zikufuate hata programu ikiwa imefungwa, lazima iwe "Always". Kisha ingia kwenye mipangilio uzime kile kinachoitwa "smoothing". Kinapendezesha picha kwa kulainisha kingo, lakini kinafuta vidoto vidogo ambavyo ndivyo unavyovihitaji siku mbaya.

Halafu chagua kituo. Marekani ina rada kubwa takriban 160 za mtandao uitwao NEXRAD, na kila moja ina jina la herufi nne linaloanza na K katika majimbo ya bara. KFWS ni ya Dallas na Fort Worth, KHGX ya Houston, KTLX ya Oklahoma City, KMPX ya Minneapolis, KDMX ya Des Moines, KIND ya Indianapolis, KILN ya Wilmington inayohudumia Columbus na Cincinnati, KLOT ya Chicago. Hifadhi ya kwako na nyingine moja ya upande wa magharibi, kwa kuwa dhoruba nyingi hutoka huko. Majina yanayoanza na T, kama TDAL ya Dallas au TCMH ya Columbus, ni rada ndogo za viwanja vya ndege. Zinaona karibu kwa usafi mkubwa, ila mawimbi yake ni mafupi, kama sentimita 5 badala ya 10, kwa hiyo mvua nzito huyameza. Ukiona nyuma ya dhoruba kali pamebaki peupe kama kivuli, usidhani hakuna kitu huko. Rudi kwenye rada ya K.

Saa iliyoandikwa kwenye picha

Hapa ndipo wageni wanapojikwaa zaidi. Kabla ya kutazama rangi, tazama saa. Mvua inaponyesha, rada humaliza mzunguko wake wa pembe zote kwa dakika kama 4 hadi 6; kukiwa shwari inaweza kuchukua hadi 10. Dhoruba inayokimbia maili 60 kwa saa husafiri karibu kilomita 8 kwa dakika tano. Kwa hiyo ukiona ukingo mwekundu uko kilomita 8 magharibi mwa nyumba yako na picha ina umri wa dakika tano, ujue umeshafika mlangoni. Picha ikizidi dakika 15, ama mtandao wako umekwama, ama kituo kimezimika. Badilisha kituo, usisubiri.

Saa zenyewe mara nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, zikiwa na herufi Z mwishoni. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna urahisi ambao Mmarekani hana. Majira ya baridi, kwenye ukanda wa saa wa kati, yaani Chicago, Minneapolis, Dallas, saa ya UTC ni ileile saa yetu. 13Z, ukitoa 12, ni saa moja asubuhi. 21Z ni saa tisa alasiri. Zaidi ya hiyo 12, huongezi wala hupunguzi. Kuanzia Machi, saa zinaposogezwa mbele, ongeza moja: ukiwa Dallas mwezi wa Mei na picha imeandikwa 20:47Z, toa 12 upate 8:47, ongeza moja, ni saa tisa na dakika 47 alasiri. Walio mashariki, Columbus au Atlanta, waongeze moja majira ya baridi na mbili majira ya joto. Jihadhari na tarehe pia. Majira ya joto Dallas, ikifika saa moja jioni, UTC inahamia siku inayofuata, na picha ya jioni ya Jumatatu itaandikwa Jumanne. Si kosa la simu.

Kwenye programu za aina ya kwanza kuna mtego mwingine. Ukiburuta kitelezi kikapita saa ya sasa, picha inaendelea kucheza kana kwamba rada inaona kesho. Hapo si rada tena. Ni utabiri wa kompyuta uliopakwa rangi zilezile. Kwa sababu hiyohiyo, ukisogeza ramani hadi Kisumu, Bukavu au Bujumbura ukaona mawingu ya kijani, usimpigie mama kumwambia aingize mahindi ndani. Programu hizi hulishwa na rada za Marekani na nchi chache nyingine. Kule nyumbani zinachora kwa setilaiti na mahesabu.

Mwale unapanda kadiri unavyokwenda mbali

Pembe ya chini kabisa ya rada kwa kawaida ni digrii 0.5 juu ya upeo, na dunia nayo inapinda chini ya mwale. Ukiwa kilomita 100 kutoka kwenye rada, mwale unapita kama kilomita 1.5 juu ya kichwa chako. Kilomita 200, unapita kama kilomita 4. Kinachotokea chini ya hapo hauoni.

Mfano mzuri ni Erie, Pennsylvania, ambako Wakongo wengi wamehamia. Rada ya karibu iko Buffalo, zaidi ya kilomita 140, kwa hiyo mwale unafika Erie ukiwa na kimo cha kama kilomita 2.4. Mawingu ya theluji itokanayo na ziwa ni mafupi, mara nyingi hayapiti sana hapo. Matokeo yake, skrini inaonyesha vumbi la bluu ilhali nje theluji inafukia magari. Ukiwa mahali kama hapo, simu ikikuambia "hakuna kitu", fungua pazia kwanza.

Kinyume chake pia hutokea. Rada inaona mvua juu, hewa ya chini ni kavu, matone yanayeyuka kabla ya kufika ardhini. Ukaona kijani juu ya mtaa wako na barabara imekauka, rada haijadanganya. Imepima kile kilichokuwa juu.

Rangi na namba

Usikariri rangi, kwa kuwa kila programu ina zake. Kariri namba zilizo kwenye kipimo pembeni, zinazoitwa dBZ, yaani nguvu ya mwangwi. Kwenye 20 ni mvua nyepesi. Kwenye 40 ni mvua ya kukulowesha kabla hujafika kwenye gari. Ikipita 50 ni ya kumwagika, na kuanzia 60 mara nyingi ndani yake kuna mvua ya mawe. Hii ndiyo picha inayoitwa "Reflectivity", nayo ndiyo ya kuitumia miezi yako ya kwanza.

Picha ya pili, "Velocity", hupima upepo: kijani unakuja kuelekea kwenye rada, nyekundu unakwenda mbali nayo. Hivyo lazima ujue rada imesimama wapi, la sivyo rangi hazina maana. Kijani kikali na nyekundu kali zikigusana mahali padogo, upepo unazunguka. Picha ya tatu, "Correlation Coefficient", hupima kama vitu vilivyo hewani vinafanana. Mvua hukaribia 1. Ikishuka chini ya 0.8 mahali palepale upepo unapozunguka, na "Reflectivity" ina nguvu hapohapo, mara nyingi ni mbao, mabati na majani yaliyopeperushwa: tornado iko chini tayari. Jifunze kuzitambua, lakini usijifanye wewe ndiye wa kuamua. Wataalamu wa NWS wanaona pembe zote na wanapokea ripoti za watu walio uwanjani.

Kuna mwangwi usiokuwa mvua. Duara la bluu linalotanuka kuzunguka rada baada ya jua kuzama, hasa miezi ya ndege kuhama, ni ndege na wadudu. Mstari mmoja mwembamba ulionyooka kutoka kituoni wakati wa macheo au machweo ni jua lenyewe. Madoa yasiyosogea kamwe, ya kawaida huko Iowa, ni mitambo ya upepo. Cheza picha za nusu saa iliyopita: mvua husafiri, madoa haya hubaki palepale.

Angalizo na tahadhari

Maneno mawili ya Kiingereza, "Watch" na "Warning", yamewachanganya wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina maneno yanayosaidia: la kwanza lichukue kama angalizo, la pili kama tahadhari. "Tornado Watch" hutolewa na kituo cha dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, hufunika kaunti nyingi kwa saa kadhaa, na maana yake hali inaruhusu. Siku hiyo chaji simu, weka viatu karibu na kitanda, waambie watoto watakakokwenda. "Tornado Warning" hutolewa na ofisi ya NWS ya eneo lako, huchorwa kama umbo dogo jekundu kwenye ramani, na ukiwa ndani ya umbo hilo unaingia mafichoni sasa hivi. Kwenye programu nyingi umbo la njano ni dhoruba kali ya radi: upepo wa maili 58 kwa saa au zaidi, au mawe ya barafu yenye upana wa inchi 1 na kuendelea. La kijani mara nyingi ni mafuriko ya ghafla. Rangi hizi hutofautiana, kwa hiyo soma jina la tahadhari.

Usilidharau la njano. Tarehe 10 Agosti 2020, upepo mkali wa mstari mrefu uliivuka Iowa, na Cedar Rapids, mji wenye familia nyingi za Wakongo na Warundi, ulipigwa na upepo uliokadiriwa kufika maili 140 kwa saa. Kwenye rada dhoruba za namna hiyo huonekana kama upinde uliovutwa, tumbo lake likitangulia upande inakoelekea. Ukiuona huo, mahali pabaya zaidi mara nyingi ni pale kwenye tumbo.

Jua jina la kaunti yako na zilizo magharibi yake, kwa sababu televisheni na redio hutaja kaunti. Anayeishi Cedar Rapids yuko Linn. Akisikia Benton imetajwa, zamu yake inakuja. Na usizime arifa za serikali kwenye simu. Kwenye iPhone ziko chini kabisa ya ukurasa wa Notifications, chini ya "Government Alerts". Hazilipiwi na hazitegemei programu yoyote. Kwa anayelala mchana baada ya shifti ya usiku, nunua pia redio ndogo ya hali ya hewa yenye betri. Hupokea kati ya 162.400 na 162.550 MHz na hulia yenyewe hata minara ya simu ikianguka.

Mafichoni ni ghorofa ya chini kabisa, chumba cha ndani kisicho na dirisha: bafu, kabati la nguo, chini ya ngazi. Wa ghorofa ya tatu azungumze mapema na jirani wa chini, siku ya jua. Nyumba za kuhamishika si mafichoni hata zikiwa zimefungwa kwa minyororo. Ondoka wakati wa angalizo, usingoje tahadhari.

Madereva wa malori, simu isishikwe mkononi usukani ukiwa kwenye kazi. Sheria ya shirikisho inakataza kwa gari la biashara. Tazama rada ukiwa umeegesha, kila unapojaza mafuta, na badilisha kituo kadiri unavyosonga, kwani iliyo nyuma yako inazidi kuona juu tu. Usijaribu kushindana na tornado barabarani. El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, tornado ilitanuka hadi kilomita 4.2, na waliotoka kuikimbia kwa magari walikwama kwenye foleni. Ukiona umbo jekundu mbele, simama kwenye kituo cha malori kilicho kabla yake, ingia ndani ya jengo, na uliache lipite. Mara nyingi muda wake hauzidi saa moja.