Kuweka kiraka cha zege la moto (zege linalostahimili joto kali) kwenye ukuta wa tanuru

1. Usalama kwanza. Tanuru lipoe kabisa. Funga gesi na umeme, weka kufuli lako, na ufunguo ubaki mfukoni mwako. Hewa ya ndani ipimwe: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, haingii mtu. Vumbi la ukuta huo lina silika inayoharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo vaa barakoa ya kuchuja vumbi, kitambaa hakisaidii.

2. Gonga na ubomoe. Pita na nyundo ndogo. Palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hulia kama mtungi mtupu. Chora kwa chaki, kisha bomoa kwa tindo hadi ufike penye uimara. Kingo zikate wima, na ndani pawe papana kidogo kuliko mdomoni. Ukizichonga zikaishia wembamba kama ukingo wa sahani, utarudi hapo hapo mapema.

3. Nanga, yaani vyuma vinavyoshikilia zege ukutani. Zilizoungua zikate, uchomelee mpya. Ncha zipake lami: itaungua na kuacha nafasi, maana chuma hutanuka kuliko zege.

4. Kuchanganya. Tumia maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Msaidizi atakushawishi uongeze kopo moja ili zege liteleze. Kataa. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege hupoteza nguvu. Finyanga donge, lirushe juu kidogo ulidake: likimeguka ni kavu, likipenya vidoleni maji yamezidi. Lowesha kingo za zamani zisifyonze maji ya zege jipya, kisha jaza na utikise kwa vibreta, mashine ya kutetemesha zege.

5. Subiri saa 24, kiraka kikiwa kimefunikwa.

6. Kukausha. Maji yakiwa mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Yakikosa pa kutokea, kiraka hulipuka. Niliwahi kukiona kimoja kikiruka vipande kwa sababu msimamizi alitaka tanuru liwashwe usiku ule ule. Fuata ratiba ya mtengenezaji wa zege. Mimi, pasipo na ratiba, hupandisha nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi kwa saa, nikisimama karibu na 120, kisha 300, kisha 550, kwa sababu maji yaliyoshikana na saruji hayatoki mapema. Kila kituo hukaa angalau saa 1 kwa kila milimita 25 za unene. Kabla ya kuendelea, shika kipande cha bati baridi penye tundu la kutolea hewa. Likitoa jasho, mvuke bado unatoka: usiongeze moto.