Unatumia predi? Jinsi ya kuwawahi bakteria

Kama daktari kakuandikia prednisoloni, iwe ya pumu, lupus au baridi yabisi, elewa kwanza inachofanya: inaituliza kinga. Zile seli nyeupe zinabaki zinazunguka kwenye damu badala ya kukimbilia pale bakteria walipoingilia, ndo maana kidonda hakivimbi sana, homa haipandi, na wewe unajiona mzima kumbe ndani kunaoza.

Mama yangu, naye anatumia predi, alichomwa na mwiba kidoleni akipara samaki. Siku ya nne kidole kikavu kabisa, hakuna wekundu wala usaha, ila analalamika kinampwita usiku, nikabonyeza karibu na kiungo akaruka. Kilipochanwa ukatoka usaha sikuamini. Kwa hiyo ukiwa kwenye predi maumivu peke yake yanatosha kukupeleka hospitali, usisubiri homa, na tumbo likiuma hata kidogo kidogo tu usilivumilie. Kipimajoto kikisoma 38 nenda siku hiyo hiyo.

Kabla hujaanza dozi ya muda mrefu sema kama uliwahi kuugua TB au unaishi na mgonjwa wa TB, maana hao wadudu wanaweza kulala kwenye mapafu miaka na miaka, na miligramu 15 kwa siku kwa mwezi mzima au zaidi zinaongeza hatari ya kuwaamsha. Ukishaanzishiwa dawa za TB kumbusha tena kuhusu predi, rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inaifanya predi iishe haraka mwilini kwa hiyo dozi lazima iangaliwe upya. Na ukipimwa damu pia sema, predi yenyewe inapandisha seli nyeupe, majibu yanaweza kumchanganya anayeyasoma.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea: wanasikia maambukizi wanaacha vidonge ghafla. Jamani msifanye hivyo! Ukitumia zaidi ya wiki 3 tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana na predi, zinakuwa zimelala, na ukiumwa ndo mwili unaihitaji zaidi, daktari anaweza hata kukuongezea kwa siku chache. Hata wale mnaonunua dukani ili mnenepe mashavu, hili linawahusu, nendeni mkapunguziwe taratibu.

Andika kwenye kikaratasi jina la dawa, dozi na tarehe uliyoanza, weka ndani ya kava la simu, siku ukifikishwa hospitali huwezi kuongea watakikuta.