Kusoma Gmail kwenye terminali kwa Mutt

Kila nikifungua Gmail kwa kivinjari kujibu barua moja, najikuta nusu saa baadaye nina vichupo kumi na barua yenyewe sijaijibu. Ndiyo sababu nilihamia Mutt, programu ya kusoma na kuandika barua pepe ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri). Programu hii ipo tangu 1995, jina lake maana yake ni mbwa koko, na kwa sura hakika ni mbwa koko: skrini nyeusi, orodha ya barua, basi. Ila ni mbwa anayeitika haraka, hata kwenye kompyuta ambayo kivinjari kinaifanya ihemee juujuu.

Kinachowakwamisha wengi ni nenosiri, kwa hiyo tuanze nalo. Tangu Mei 2022 nenosiri lako la kawaida la Gmail halikubaliwi na programu za namna hii. Washa kwanza Uthibitishaji wa Hatua 2 kwenye akaunti yako ya Google, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16, zimepangwa nne nne zenye nafasi katikati. Nafasi hizo ni za kurahisishia macho tu, ziondoe. Mimi nilizibandika zilivyo, bila alama za kunukuu, na Mutt ikaanza kulalamika kwamba haivitambui vigezo ambavyo sijawahi kuviandika. Ilikuwa inasoma kila kifungu cha herufi nne kilichofuata cha kwanza kama jina la kigezo kipya. Jioni nzima ikapotea hapo.

Sasa tengeneza folda `~/.mutt`, na ndani yake faili liitwalo `siri`, lenye mistari miwili, mmoja wa kupokea barua (IMAP) na mmoja wa kutuma (SMTP):

```
set imap_pass = "herufi16bilanafasi"
set smtp_pass = "herufi16bilanafasi"
```

Lifunge kwa gpg, programu ya kusimba faili: `gpg -c siri`. Utaulizwa neno la kulifungia, na utapata `siri.gpg`. Hakikisha linafunguka, ndipo ulifute lile la kwanza. Usiseme "nitalifunga kesho". Mimi niliwahi kupandisha faili langu la mipangilio kwenye hazina ya Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) iliyo wazi kwa umma, nenosiri likiwa ndani kama lilivyo, na nikagundua baada ya siku mbili. Uzuri wa nenosiri la programu ni kwamba unaliua peke yake na kutengeneza jingine. Akaunti yenyewe huigusi.

Faili kuu la mipangilio ni `~/.mutt/muttrc`:

```
set realname = "Jina Lako"
set from = "jinalako@gmail.com"
set imap_user = "jinalako@gmail.com"
source "gpg -dq ~/.mutt/siri.gpg |"

set folder = "imaps://imap.gmail.com:993/"
set spoolfile = "+INBOX"
set smtp_url = "smtps://jinalako@gmail.com@smtp.gmail.com:465/"

set postponed = "+[Gmail]/Drafts"
set trash = "+[Gmail]/Trash"
unset record

set header_cache = "~/.mutt/akiba/"
set editor = "nano"
```

Usishtuke kuona `@` mbili kwenye mstari wa smtp. Ya kwanza ni ya anwani yako, ya pili inatenganisha jina lako na seva. Alama ya `|` mwishoni mwa mstari wa `source` nayo usiisahau. Ndiyo inayoiambia Mutt kwamba hiyo ni amri ya kuendeshwa, si jina la faili. Folda ya `akiba` itengeneze kwa mkono. Bila hiyo Mutt itavuta vichwa vya barua zote upya kila unapoifungua, na kama una barua elfu ishirini utakuwa na muda wa kutosha kuoga.

`unset record` ipo kwa sababu Gmail huweka yenyewe nakala ya kila barua inayopitia seva yake. Ukiiacha Mutt nayo iweke, kila kitu unakuwa nacho mara mbili.

Mstari wa `trash` nao una kisa chake. Kwa mipangilio ya kawaida ya Gmail, barua unayoifuta kwenye kikasha kupitia IMAP haifutwi. Inahamishiwa tu kwenye kumbukumbu. Kwa miezi nilikuwa nafuta kwa bidii huku nafasi iliyotumika kwenye akaunti haipungui hata chembe. Ukitaja folda ya tupio, Mutt inapeleka barua huko, na huko ndiko zinakofutika kweli.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Majina ya folda hizo hufuata lugha ya akaunti. Kama Gmail yako iko kwa Kiswahili, usitarajie kukuta `Drafts` wala `Trash`. Ndani ya Mutt bonyeza `c`, kisha `?`, uone orodha ya folda jinsi seva inavyoziita, halafu nakili majina hayo kwenye `muttrc` herufi kwa herufi, mabano yakiwemo.

Ukiwasha `mutt` na gpg ikakataa kukuuliza neno la kufungulia, ongeza `export GPG_TTY=$(tty)` kwenye `.bashrc` (faili la mipangilio ya terminali) na ufungue terminali upya.

Vitufe ni vichache: `m` kuandika, `r` kujibu, `g` kuwajibu wote, `y` kutuma, `d` kufuta, `$` kuthibitisha ulichofuta. Nakipenda zaidi `l`, kinachochuja orodha: bonyeza `l`, andika `~f` na jina la mtu, zinabaki barua zake tu. Kurudisha zote, `l` tena kisha `all`.

Barua za HTML, zilizoandikwa kama kurasa za wavuti, zitakuja zimejaa vitambulisho (alama kama `<p>`). Sakinisha w3m, kivinjari cha maandishi cha terminali, kisha weka mstari huu kwenye `~/.mailcap`:

```
text/html; w3m -dump -T text/html %s; copiousoutput
```

na kwenye `muttrc` ongeza `auto_view text/html`. Matangazo yaliyo picha tu, bila maandishi, yataonekana kama ukurasa mweupe, na mimi hapo sina malalamiko.