Biskuti za mjukuu zitoe kwenye pakiti kabla hamjaenda kuwinda

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa jimbo la Wisconsin, Marekani, huanza Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya mwezi Novemba), siku 9, na baridi yake si mchezo. Ukimpeleka mjukuu kwenye shamba la familia, koti zito asilivae mkiwa mnatembea. Mbebee wewe babu. Akifika kwenye kibanda cha kuvizia ametota jasho, nusu saa haipiti meno yanagongana, na kuwinda kumekwisha. Apoe kidogo kwanza, abadilishe soksi, ndipo avae.

Vitafunio vifungeni kwenye kitambaa tangu nyumbani. Mjukuu wangu alifungua pakiti moja tu ya biskuti, chakacha! Kulungu jike na mtoto wake wakainua mikia myeupe hao wakatokomea. Akanitazama kama kavunja sahani ya bibi yake. Nilicheka tu.

Rangi ya chungwa au waridi inayong'aa ni sheria, angalau nusu ya nguo za juu ya kiuno, na kofia vilevile, kama kaivaa. Kama hajapata cheti cha mafunzo ya uwindaji na anawinda chini yako, lazima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Risasi kaa nazo wewe mpaka mmeketi, masikio yake yazibe, na upepo uwapige usoni, kulungu wasiwanuse.

Asubuhi ya kwanza, muda wa saa mbili unamtosha kabisa. Akisema vidole vimekufa ganzi, rudini nyumbani, hata kama dume umeliona kwa mbali.